Usilioshe Kwanza: Namna ya Kutambua Kisukuku cha Bahari Kilichomo Ndani ya Mwamba Tope

Mtu akiokota jiwe lenye alama ya kombe au mzunguko wa konokono, yaani kisukuku, mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani, mkono mmoja huenda kwenye ndoo ya maji na wa pili kwenye mswaki. Zuia yote miwili. Mwamba tope, lile jiwe la kijivu au jeusi linalobanduka kwa tabaka nyembamba, hauvumilii hayo. Ulikuwa udongo laini uliotulia chini ya bahari, ukagandamizwa na tabaka zilizokuja juu yake mpaka ukakaza, na mara nyingi ukionja maji unakumbuka asili yake.

Kama huamini, chukua kipande kilichoanguka chenyewe, kisicho na alama yoyote, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kiweke kwenye kizibo cha soda, mimina maji yakifunike, ukae nacho robo saa. Vipande vingine hubaki vilevile. Vingine hupasuka mistari, vingine hutepeta kabisa na kizibo kikajaa tope. Kikitepeta, basi umejua kisukuku chako kingeishia wapi. Kikibaki kizima bado usishangilie, kwa sababu jiwe moja linaweza kuwa na tabaka ngumu na tabaka laini zimepakana, na kisukuku hupenda kukaa kwenye ile laini.

Mimi ni fundi saa, kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma. Jiolojia sikuisomea darasani. Ila nina lenzi ya jicho inayokuza mara kumi, taa ya meza yenye shingo inayopinda, vibano, sindano, brashi laini na mpira wa kupulizia vumbi, na kazi hii haihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana watu wamezoea kuniletea mawe pamoja na saa zao. Mengi ni mawe tu, na huwa nawaambia hivyo hivyo.

Jiwe nitakalolitumia kama mfano aliniletea mpwa wangu, dereva wa lori la saruji. Aliliokota kwenye kifusi kando ya barabara, nje kidogo ya Tanga mjini, akalifunga kwenye fulana na kulilaza nyuma ya kiti safari nzima.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea konokono wa jiwe."

"Marahaba. Umeliosha?"

"Aa, maji yenyewe yalikuwa ya kunywa."

Lilikuwa na upana wa kiganja na unene wa vidole viwili, kijivu kizito, na juu yake tope la manjano lililokaukia. Kilichoonekana ni pinde moja tu iliyotokeza chini ya tope, yenye mbavu mbavu, na upande wa pili kiduara kidogo cha kahawia. Basi. Kwa mtu mwenye haraka hapo hakuna kitu; kwa mwenye subira yapo mengi.

Kabla ya lenzi, swali la kwanza ni jiwe limetoka wapi. Umbo linaweza kukupoteza, mahali hapakupotezi kirahisi. Upande wa Tanga kuna miamba ya bahari ya kipindi cha Jura, yaani kati ya miaka milioni 201 na milioni 145 iliyopita. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongeka ndani ya chokaa ya kipindi hicho. Lindi nako kuna Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, wakampeleka mjusi wetu mkubwa Berlin. Kati ya tabaka zenye mifupa mna tabaka za bahari zilizojaa makombe. Mombasa nako mwamba tope wa Jura umeshatoa amonaiti, wanyama wa bahari wa kale wenye gamba la mzunguko, tangu karne ya 19. Kwa hiyo mpwa wangu aliposema Tanga, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Angesema Kigoma, ningekunja uso. Miamba migumu ya vilima vyetu hapa ni ya kale mno, ilitandazwa kabla wanyama wenye makombe hawajatokea duniani. Ziwa lenyewe ni changa ukililinganisha nayo, lina miaka kama milioni 9 hadi 12, na maji yake ni baridi, si ya chumvi. Lakini kila mwaka hakosi mtu wa kuniletea kombe nene lenye matuta, amelikuta shambani Ujiji mbali na maji, na hoja yake ameshaipanga: bahari ilifika hapa. Akibanwa, anatoa ushahidi wa pili: mbona Uvinza kuna chumvi?

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, mtaalamu wa wanyama, alikuja ziwani mwaka 1896 na tena 1899. Akaona konokono wenye magamba mazito na yenye miiba, wanaofanana na wa baharini, akaona na yule kiwavimaji mdogo wa ziwani, akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara. Uchunguzi uliofuata ulionyesha vingine: konokono hao walibadilika humu humu ziwani, kwa muda mrefu, wakapata maumbo yanayofanana na ya baharini. Na yale makombe ya shambani Ujiji? Ziwa lilikuwa juu zaidi miaka ya 1870, kisha mto Lukuga ukafungua njia upande wa Kongo na maji yakashuka karibu mita 10. Ndiyo maana mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo pako mbali na ufukwe. Kombe la Ujiji ni la ziwa, na pengine babu wa babu yako alilikanyaga likiwa hai. Chumvi nayo peke yake haithibitishi bahari. Maziwa ya Natron na Eyasi yana chumvi na hakuna bahari iliyofika huko.

Kwa hiyo andika mahali. Kijiji, barabara, jiwe lilikuwa limelala kwenye kifusi au limeshikwa na ukuta wa mwamba, na kama lilishikwa, upande upi ulikuwa juu. Simu yako ina ramani, chukua namba za mahali hapo hapo. Andika kwa penseli kwenye karatasi, wino hufifia. Kifusi ni kasoro, kwa sababu kinaweza kuwa kimesombwa kutoka kwingine kwa lori. Mpwa nilimwuliza kifusi kililetwa na nani. Akasema mtaro ulikuwa unachimbwa hapo hapo na mawe ya namna hiyo yalionekana ukutani. Hilo nalo nikaliandika.

Sasa jiwe lenyewe. Likwaruze pembeni, mbali na alama, kwa msumari. Mwamba tope hukwaruzika bila ubishi na kutoa unga wa kijivu. Kama msumari unateleza, huenda umeshika jiwe lililoiva kwa joto na mgandamizo, au la volkano, na kisukuku humo ni nadra. Unga ule udondoshee tone la siki ya dukani ukiangalia kwa lenzi. Vikitokea viputo vidogo vinavyopanda polepole, kuna chokaa ndani yake. Siki ni dhaifu, usitegemee ichemke kwa kishindo, na usiidondoshee kamwe kwenye kisukuku: makombe mengi ni chokaa, utakuwa unakila taratibu. Kuna watu hufundisha kulamba jiwe, eti mfupa hunata ulimini. Mfupa wa kale hunata kweli, lakini udongo mkavu nao hunata, kwa hiyo kwenye mwamba tope ulimi haukuambii chochote.

Tope lililokaukia juu huondoka kwa hewa na brashi kavu, si zaidi. Mpira wa kupulizia ni bora kuliko mdomo, maana mdomo hutoa na mate. Telezesha brashi kufuata mbavu, usizikate. Palipogoma, paache.

Kazi kubwa ni ya taa. Zima balbu ya juu, washa ya mezani, ilaze hadi mwanga upite juu ya jiwe kwa ubapa, karibu usawa wa meza. Umeme ukikatika, nasi tunaujua huo mchezo, tochi ya simu inafaa vilevile na pengine zaidi kwa kuwa unaizungusha kirahisi. Chini ya mwanga wa juu jiwe la mpwa lilikuwa bapa tu. Nilipolaza taa upande wa kushoto, kila ubavu ulitupa kivuli chake, na pinde niliyodhani imekatikia kwenye tope ikaonekana inaendelea, hafifu, ikizunguka na kuingia ndani mpaka kwenye kibonde kidogo katikati. Nikahamishia taa kulia. Mbavu zilezile, kivuli kimegeuka. Hilo ni la lazima, kwa sababu jicho hudanganyika hapa: shimo huonekana tuta na tuta huonekana shimo. Ukiwa na shaka, pitisha ncha ya ukucha kwa wepesi sana. Ikiwa mbavu zimezama, ulichonacho ni alama iliyoachwa na gamba, na upande wa pili wenye mbavu zilizoinuka ulibaki kwenye kipande kingine. Kama kipande hicho kipo, kitafute na kiwekwe pamoja. Viwili hivyo ni kitu kimoja.

Kabla ya kukipa jina, hakikisha ni kisukuku. Mwamba tope una hila zake. Zile picha nyeusi za majani na matawi zilizotandaa kwenye ufa ni madini ya manganizi yaliyopenyezwa na maji; ukizikuza huoni mshipa wa jani wala kikonyo, na zimekaa kwenye ufa tu. Madonge ya mviringo yanayofanana na mayai ni udongo uliokazwa na madini, ingawa baadhi yana kisukuku ndani, kwa hiyo usiyatupe. Mistari ya mviringo yenye rangi ya kutu ni maji ya chuma yaliyopita. Mimi huangalia mambo matatu: mpangilio unaojirudia kwa nidhamu, mpaka dhahiri kati ya kitu na mwamba, na uso tofauti na wa mwamba, iwe kwa rangi, mng'ao au ulaini. Mbavu za jiwe la Tanga zilipishana kwa umbali uleule, zikipungua taratibu kuelekea katikati. Maji hayachori hivyo.

Sasa umbo. Mzunguko unaokaa bapa, kila duara likiwa usawa mmoja na lililotangulia, ni tofauti na mzunguko unaopanda kwa ncha. Unaopanda ni konokono. Uliokaa bapa, kwenye mwamba wa bahari wa Jura, kwanza fikiria amonaiti, mnyama wa jamaa ya pweza na ngisi aliyeishi ndani ya gamba lenye vyumba. Kwenye chokaa au donge gumu, mipaka ya vyumba huonekana kama mistari iliyojipinda-pinda pale gamba la juu lilipobanduka, na hiyo inamtenga na jamaa wa nautilasi, ambao mistari yao ni ya kupinda kwa upole. Kwenye mwamba tope usiitarajie sana. Tope likikazwa hupoteza maji na kusinyaa, vyumba vitupu hupondeka, gamba zima likawa na unene wa karatasi chache. Mara nyingine chumba cha mwisho, alichokaa mnyama, kilijaa tope mapema, kikabaki kimevimba kidogo wakati vingine vimelala. Angalia pia vumbi jeupe lenye mng'ao wa rangirangi ukingoni: ni gamba lenyewe limebaki, na ndilo la kwanza kupotea kwenye mswaki.

Tazama mbavu moja moja. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, lenzi jichoni. Kila ubavu wa jiwe la Tanga ulianza mmoja karibu na kitovu, ukanyooka hadi kama katikati ya upana wa duara, kisha ukagawanyika kuwa miwili kuelekea ukingo wa nje. Hakukuwa na miiba wala vinundu. Mbavu za kugawanyika hivyo ni alama ya amonaiti wengi wa familia ya Perisphinctidae, ambao ni wa kawaida kwenye miamba ya Jura ya pwani ya Afrika Mashariki. Mimi naandika "amonaiti, mbavu zinagawanyika mara mbili" na kuishia hapo. Jina la spishi litolewe na mwenye vielelezo vya kulinganisha. Anayekutajia spishi kutokana na picha moja ya jiwe lenye tope anakufurahisha tu.

Kile kiduara cha kahawia upande wa pili kilikuwa rahisi. Kwa lenzi, mistari myembamba ilitoka katikati ikasambaa pande zote hadi ukingoni. Ni belemnaiti aliyekatika kwa upana. Naye ni wa jamaa ya ngisi. Kinachobaki ni ile sehemu ngumu ya ndani, ndefu, yenye ncha upande mmoja. Amonaiti na belemnaiti wakiwa kwenye jiwe moja, hoja ya bahari imekamilika, na umri wake hauwezi kuwa chini ya miaka milioni 66, maana amonaiti waliisha hapo.

Ukikuta makombe ya pande mbili, jiulize ulinganifu uko wapi. Chaza, kome na ndugu zao kwa kawaida wana vipande viwili vinavyofanana, kushoto na kulia, lakini kila kipande peke yake kimeegemea upande. Chaza mwenyewe ni mkaidi kidogo, vipande vyake havilingani. Brakiopodi, mnyama mwingine wa bahari mwenye makombe mawili lakini asiye ndugu wa chaza, ni kinyume: kipande cha juu na cha chini hutofautiana, ila kila kimoja ukikigawa kwa mstari wa katikati, nusu zake zinalingana. Vidude vidogo vyenye umbo la nyota ya ncha tano au sarafu yenye tundu katikati ni vipande vya shina la krinoidi, mnyama wa jamaa ya kiti cha pweza. Magamba ya samaki hung'aa kahawia hadi meusi. Trilobaiti, yule mnyama wa bahari wa kale mwenye mwili wa vipingili, ambaye vijana humtafuta kwa sababu wamemwona kwenye simu hayumo humu. Alikwisha miaka milioni 252 iliyopita, kabla Jura haijaanza.

Neno kuhusu dhahabu, kwa sababu kuna waliopita machimbo ya Nzega wakarudi na macho makali. Mwamba tope mweusi ulikaa kwenye maji yasiyo na hewa, na humo makombe mara nyingi hugeuka pairaiti ya manjano yenye kung'aa. Chukua kigae kilichovunjika, tumia upande wa nyuma usiopakwa rangi, sugua punje iliyoanguka yenyewe. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Na kama ni pairaiti, una sababu nyingine ya kuogopa maji: ikipata unyevu na hewa huoza, hutoa unga mweupe au wa manjano na harufu ya kiberiti, na kisukuku hufumuka chenyewe ndani ya sanduku. Kwa hali ya hewa ya Kigoma, mvua zikishaanza hilo si la kusubiri. Kiweke kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kama ni lazima ufungue kidogo zaidi ili uone, tumia kijiti cha meno kwanza, sindano baadaye, jiwe likiwa kavu na limelala juu ya mfuko wa mchanga lisicheze. Sukuma kutoka kwenye kisukuku kwenda nje, kamwe usielekeze ncha kwake. Tope likibanduka lenyewe, endelea. Likitaka nguvu, simama. Kipande kikikatika, kihifadhi kwenye bahasha yake chenye namba, usikigandishe kwa gundi ya haraka, wala usipake vanishi ya mbao ili king'ae. Vanishi inaficha kile ambacho mtaalamu anataka kukiona, na kuitoa ni kazi.

Mfupa ni habari nyingine. Ukikuta kitu chenye vitundu vidogo vidogo ndani, kimeshikwa na mwamba, hasa upande wa Lindi, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti uchimbaji na usafirishaji wa masalia nje ya nchi, na kifusi cha barabarani hakikupi ruhusa ya kuuza. Kwa jiwe la makombe, wapo wa kuwaonyesha: wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa pale Dar, au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. Wapelekee picha nne: jiwe zima na rula kando yake, alama kwa karibu mwanga ukitoka kushoto, alama ileile mwanga ukitoka kulia, na ukingo wa jiwe unaoonyesha tabaka. Ya tano iwe ya ile karatasi ya penseli.